Hina ya kuamkia Idi

Jirani anakanda hina. Nimefunga dirisha, harufu inaingia tu.

Nilipokuwa mdogo, jioni moja ya kuamkia Idi, uani kwetu Kariakoo, katikati ya marobota ya mitumba ya baba, nilikaa na dada zangu nikanyoosha mikono. Shangazi akacheka, akanichora maua hadi kwenye vifundo. Nikaitazama mikono. Kwa mara ya kwanza ikawa yangu kweli.

“Wifi, huyu si wa kiume?” mama alimaka. Akanisugua kwa stilwaya ya masufuria mpaka nikachubuka.

“Mimi msichana,” nikalia.

Baba alikuwa mlangoni.

Asubuhi, tukivuka barabara kwenda kuswali, hakunishika mkono kama siku zote. Alinishika ukosi wa kanzu. Mkono hakuushika tena.