Nyumba Ndogo ya Baba

Majuzi nikinunua nyanya pale Ilula, nilimwona mtalii akiinua mlango wa nyuma wa tela dogo lenye umbo la tone la maji. Ndani mlikuwa na jiko, na mbele yake godoro. Nikacheka peke yangu, nyanya mkononi.

Nilipokuwa mdogo, baba alitengeneza kama hilo nyumbani kwetu Iringa. Alasiri moja, ua mzima ukinuka rangi, jirani yetu Bi Zuhura alichungulia, akamwambia mama, "Shoga, mumeo anajenga nyumba ndogo!" Wakacheka. Mimi nilijua nyumba ndogo ndiko anakokaa mke wa pili. Na mama, maskini, alikuwa akikata kanga yake alishonee tela hilo mapazia!

Nikaingia ndani ya tela, nikajilaza juu ya godoro. "Simpishi mke mwingine!" nikalia.

Nyundo ikanyamaza. Baba akainama mlangoni. "Mke gani, mwanangu? Mama yako amechoka kulala juu ya magunia tukifuata mchele Rujewa. Hapa ni kwake."

Juma lilelile, njiani kwenda Rujewa, tulilala Igawa, mama akichemsha chai pale nyuma huku akiimba. Baba hakuwa na nyumba ndogo nyingine maisha yake yote, na ufunguo wa hiyo moja ulikaa kwenye pindo la kanga ya mama.