Tarumbeta la Surafel

Kwa miaka minne, ukimuuliza mtu yeyote wa uchochoro wetu pale Kolfe, Surafel anafanya kazi gani, jibu lilikuwa moja: "Yuko nyumbani." Hakuna aliyesema kwa ubaya. Kijana alimaliza chuo kikuu, akavaa joho, mama yake akachinja kondoo, kisha akaingia chumbani na kompyuta yake asitoke tena. Wenzake walikwenda benki wamefunga tai. Yeye ulimkuta mlangoni na kandambili, mswaki mdomoni, macho mekundu, akikuambia ametoka kazini sasa hivi. Kazini wapi, na kitanda kile pale nyuma yake?

Mama yake, Yeshimebet, alimtetea kadiri alivyojua. "Mwanangu ni mtu wa mitambo," alisema. Basi watu wakamletea redio, feni na mashine ya kusagia kahawa. Mimi nilimpelekea pasi. Akaniambia kwa adabu zake, "Etiye Zenebech, mimi naandika programu. Pasi siijui." Nikamwambia, "Andika, mwanangu, nani amekuzuia? Lakini pasi niifuate lini?" Mpaka leo iko kwake, na nataka hilo lijulikane kabla sijaendelea.

Biashara yake ya kwanza ilikuwa ya kondoo wa sikukuu. Muuzaji anaweka picha ya kondoo wake kwenye simu, mnunuzi anachagua akiwa amekaa kwake. Wazo zuri. Ila wauzaji kumi na mmoja waliweka picha ya kondoo mmoja, dume moja nene la kahawia lenye pembe za kujipinda, na siku ya Pasaka watu kumi na mmoja walifika kulichukua. Surafel alishinda siku tatu kwa mjomba wake mpaka hasira zilipopoa.

Wazo la pili lilitoka kwetu wenyewe, kwenye chama chetu cha kuzikana, idir yetu. Mimi ndiye mtunza vyombo: mabenchi, masufuria, hema, na vikombe mia nne vya kahawa ambavyo nikianza kuvihesabu usinisemeshe. Mwanachama akifiwa, Gashe Demissew (Gashe ndivyo tunavyomwita mzee yeyote wa kiume kwa heshima) hupita alfajiri na tarumbeta, anapiga, anataja jina la marehemu, na kila mtu anaacha alichoshika anakwenda. Asiyefika anapigwa faini. Hiyo ndiyo sheria, na ilitutosha mpaka serikali ilipobomoa nusu ya mtaa na kuwahamishia wenzetu kwenye maghorofa ya mbali kabisa, nje ya mji. Huko tarumbeta halifiki. Watu wakawa wanapigwa faini kwa misiba wasiyoisikia, wanakuja kugombana, wengine wakaacha kuja hata kugombana. Na Gashe Demissew naye magoti yalikuwa yamemchoka.

Surafel akatengeneza tarumbeta la simu. Mwenye zamu anaandika jina la marehemu, anabonyeza, na simu za wanachama wote zinalia papo hapo, na mlio wenyewe ni wa Gashe Demissew, aliourekodi uani kwao. Mzee alikubali kwa shingo upande. Tulisaidiwa na watoto wetu kuliweka kwenye simu, wanachama wote mia tatu na kumi na wawili, na maghorofani pia.

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Kulikuwa na mashindano ya vijana wenye biashara mpya. Atakayeshinda angepewa ofisi na mtaji wa mwaka mzima, na Surafel alikuwa amefika fainali. Walimtaka alete barua yenye muhuri kwamba chombo chake kimeshatumika kweli. Muhuri unakaa kwenye droo ya mwenyekiti wetu, Ato Gebreyes, karani mstaafu wa reli, mtu asiyetia sahihi hata risiti ya mkate bila kuisoma mara mbili.

"Kimetumika lini?" aliuliza.

"Bado, Gashe. Hakuna aliyekufa."

"Basi nitathibitisha nini? Mtu akifa, kikifanya kazi, njoo uchukue muhuri wako."

Miezi miwili hakufa mtu. Uchochoro wetu, wenye wazee wengi kuliko paka, ukawa na afya ya ajabu. Simsingizii Surafel kwamba alimwombea mtu kifo. Analia hata kuku akichinjwa. Ila alianza kuwa na huruma isiyo ya kawaida kwa wagonjwa. Kila asubuhi alipita kwa Emama Tsehaynesh, bibi wa miaka tisini na mbili ambaye alishapakwa mafuta ya wagonjwa mara tatu, na kumuuliza kwa upole, "Emama, umeamkaje leo?"

Siku ya tano bibi akainuka kwenye mto. "Wewe mtoto wa Yeshimebet, umetumwa?"

"Hapana, Emama. Nakujulia hali tu."

"Hali yangu nzuri. Nenda kawaambie wenye simu yako sifi mwezi huu." Na jioni hiyo alikula injera mbili, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu Krismasi.

Siku ya fainali ikafika, Ijumaa, na barua hakuna. Mwisho wa kupokea barua ulikuwa saa kumi jioni. Asubuhi Surafel alivaa suruali aliyopigiwa pasi na mama yake (pasi ya mama yake inafanya kazi, bila shaka), akanywa chai, na akiwa amesimama mlangoni akaamua kujaribu chombo mara ya mwisho. Alihitaji jina la marehemu. Kuandika jina la mtu aliye hai ni uchuro, kijana wa malezi mema hafanyi hivyo. Akaandika jina lake mwenyewe. Alitaka iende kwenye simu moja tu, ya Gashe Demissew, kama siku zote. Kwa wasiwasi wa ile suruali na ile fainali, akabonyeza "wote". Kisha akaizima simu yake, maana ndivyo washindani walivyoagizwa, akaitia mfukoni akaondoka.

Nilikuwa nachambua dengu. Simu yangu ikalia tarumbeta kwenye kabati, ya jirani ikalia ukutani, ikalia ya duka la mkaa, uchochoro mzima ukawa tarumbeta. Gashe Demissew alitoka na blanketi mabegani. "Nani anapiga tarumbeta langu?" Nikasoma jina. Dengu zikamwagika.

Sasa mtu wa kwingine atauliza: si mngempigia simu mkathibitisha? Kwetu habari ya kifo haiulizwi kwenye simu. Ni utovu wa adabu, na ni ukatili. Unajifunga shali yako, unakwenda, unalia, maelezo utayapata huko huko. Basi hakuna aliyeuliza. Nilifungua stoo, vijana wakabeba hema, na kabla ya saa moja kupita mabenchi yalikuwa yamepangwa na masufuria ya nifro yanachemka, ngano na dengu pamoja. Na kwenye kona ya barabara likasimama basi la kukodi, wakashuka watu wa maghorofani wanalia, watu ambao nilikuwa sijawaona miaka mitatu. Emama Tsehaynesh alibebwa na kiti chake.

Kuhusu sababu ya kifo hatukukosa. Mmoja alisema ni gari. Mwingine alisema ni umeme wa kompyuta, humwingia mtu taratibu kupitia vidole.

Tulimkuta Yeshimebet anaosha kikombe cha chai cha mwanawe. Alipoona wanawake arobaini wanaingia wakijipiga vifua akakishika kikombe kwa mikono miwili. "Nani? Ni nani?"

"Jikaze, mama yetu. Surafel."

"Surafel gani? Ametoka hapa sasa hivi! Chai yake hii!"

"Masikini," wakanong'onezana, "akili zimemruka." Wakamkalisha chini, wakamvua viatu. Naye akaniangalia mimi, kwa kuwa tumejuana tangu usichana, akasema, "Zene, ametoka sasa hivi." Kisha akaomba simu, akampigia mwanawe. Imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa. Niliona uso wake unavyobadilika, na katika yote ya siku ile hilo ndilo ambalo mpaka leo silicheki.

Muombolezaji wetu ni mwanamke wa kazi yake hasa, akimwimbia marehemu hata adui yake analia. Akaniinamia sikioni. "Alikuwa na kazi gani?"

"Alikuwa nyumbani."

"Siwezi kuimba kwamba alikuwa nyumbani! Nipe kitu."

Nikawageukia watu, nikauliza kwa sauti. Kisha muuza mkaa akasema kijana ndiye aliyemwekea simu hata akamwona binti yake aliyeko Jeddah, kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita. Mwingine akasema alimfundisha mwanawe hesabu akafaulu. Mwingine alijaziwa fomu za hospitali. Mzee mmoja wa maghorofani akasimama na fimbo yake. "Mimi nilijua nitazikwa na watu nisiowajua," alisema. "Leo simu ililia nikajua bado ninyi ni watu wangu." Muombolezaji akayapokea yote, moja baada ya jingine, akayaimba, na hema zima likaangua kilio. Nililia mpaka nikamsamehe pasi.

Saa saba mchana marehemu akarudi. Kule kwenye fainali walikuwa wamemsikiliza vizuri, wakacheka panapostahili, kisha wakamwambia: barua kabla ya saa kumi, la sivyo basi. Alikuwa anakuja kumpigia magoti Ato Gebreyes. Akaliona hema. Na hapa alikiri mwenyewe baadaye: moyo wake uliruka kwa furaha, kisha akaona haya, kisha akavaa uso wa huzuni akaingia kwa nyuma, akaketi kwenye benchi la mwisho ameinamisha kichwa.

Mimi nilikuwa napitisha kahawa huku nahesabu vikombe. Nikampa chake bila kumtazama.

"Pole, Etiye," akanong'ona. "Ni Emama Tsehaynesh?"

"Acha bwana, yule atatuzika sote. Ni Surafel wa Yeshimebet, yule wa kompyuta, aliyekaa na pasi yan..."

Vikombe sita vilivunjika. Benchi zima la mbele lilipinduka na waliokuwa juu yake. Mmoja alikimbia na sufuria. Yeshimebet ndiye peke yake aliyekuja mbele badala ya kurudi nyuma. Alimgusa uso, mabega, mikono, kisha akamzaba kofi, kisha akamkumbatia, halafu akamwachia ili apate nafasi ya kumzaba la pili.

Ilipoeleweka alichofanya, makelele yakawa ya sokoni. Wengine walitaka faini, wengine walitaka achapwe, watu wa maghorofani walitaka nifro kwa kuwa wametoka mbali. Gashe Demissew akagonga fimbo. "Miaka thelathini na moja nimepiga tarumbeta," alisema, "nikawaleta wengi. Lakini sijawahi kumleta marehemu kwenye matanga yake mwenyewe. Huyu kanishinda. Magoti yangu yapumzike." Akaketi, na watu wakaanza kucheka, kwanza kidogo, halafu mpaka wakashikana.

Ato Gebreyes hakucheka. Alitazama saa yake, akatuma watu waende kuleta karatasi na ile droo yote, akaandika polepole kwa mwandiko wake wa reli, akisoma kwa sauti: "Tunathibitisha kwamba chombo hiki kimetumika siku ya leo. Wanachama mia tatu na kumi na wawili waliitwa, mia mbili na themanini na tisa walifika chini ya saa moja, wakiwamo wa mbali. Marehemu anaendelea vizuri na ndiye anayeileta barua hii."

Kisha kalamu ikasimama. "Wanataka kazi ya mwenye barua. Surafel, kazi yako niandikeje?"

"Naandika programu," akasema Surafel, na kalamu haikusogea. Ilikuwa kama zile asubuhi za mswaki mlangoni. Na sisi, ambao saa mbili zilizopita tulikuwa tunaililia kazi yake kwa machozi, sasa yuko hai mbele yetu tukaanza kuona haya, kila mmoja anatazama kikombe chake. Muuza mkaa alikohoa. Muombolezaji alijifanya anafunga shali.

Yeshimebet alikuwa bado amemshika mwanawe mkono, viatu hana. "Mwenyekiti," alisema, "yale mliyoyalia asubuhi, andika hayo."

Ato Gebreyes akageuza karatasi upande wa pili, kwa kuwa nafasi ilikuwa ndogo, akaanza kuandika.