Nilimtoa msichana kwenye klabu ya drama kwa sababu alikuwa anakaa tu

Wakuu, habari za leo.

Mimi hapa ni msomaji wa kimyakimya, lakini ule mjadala wenu kwamba wanafunzi wa siku hizi hawataki shughuli yoyote nje ya darasa umenigusa. Naweka yangu. Sitatia chumvi, na pale nilipokosea mtaniona nikikosea.

Mimi ni mwalimu wa Historia na Kiswahili, shule ya kutwa huku Nyamira. Ni zile shule za milimani ambapo mwanafunzi anapita katikati ya majani ya chai asubuhi, anaingia darasani sketi imelowa umande. Majina nimebadilisha.

Mwaka wangu wa pili nikapewa klabu ya drama. Sikuiomba. Walimu wenzangu mnajua, ukiwa mgeni na bado kijana unapewa drama, skauti na kukagua vyoo.

Tulikuwa tunakutana Jumatano baada ya masomo. Wengine wanaigiza, wengine wanashona nguo za maigizo, wengine wanabeba vifaa.

Halafu kulikuwa na Kerubo wa Form Two.

Kerubo hakuwa anafanya chochote. Anakaa benchi ya nyuma, anaangalia mazoezi mpaka mwisho, anachukua bag yake anaenda. Mwaka mzima hivyo.

Alikuwa na kigugumizi kibaya. Darasani ukimwita anasimama, neno la kwanza linakwama, wenzake wanaanza kucheka chinichini, mwishowe unamwambia akae. Mimi nilikuwa nimeacha kabisa kumuuliza maswali. Niliona namhurumia.

Muhula wa kwanza wa mwaka uliofuata, tamasha la drama la shule likakaribia. Gari la shule halingetosha watu wote, deputy, yaani naibu wa mwalimu mkuu, akaniambia nipunguze orodha. "Toa abiria," akasema.

Ukweli ni kwamba hakuniambia nitoe mtu kwenye klabu, alisema orodha ya safari tu. Hiyo nyingine niliiongeza mwenyewe. Nilitaka kushinda, wakuu. Nilitaka siku moja kwenye staffroom watu waseme yule mwalimu mgeni si mchezo. Na mtu anayekaa tu alikuwa ananiudhi, kama vile ananiambia kazi yangu ni burudani yake.

Nikamwita nje. "Kerubo, jaribu klabu ya kilimo. Huko utapata kitu cha kufanya."

Akaitikia kwa kichwa. Sikuona kama amekasirika.

Tamashani tulifika nafasi ya nne, hatukuvuka kwenda ngazi ya juu. Lakini hiyo si habari ya leo.

Kerubo alianza kukosa shule. Kwanza Jumatano tu, baadaye siku mbili kwa wiki, kisha wiki nzima. Mwalimu wa darasa lake akasema huenda ni mgonjwa. Kwa kuwa kwao si mbali na ninapopanga, Jumapili moja nikaenda.

Nilimkuta mama yake nje ya jikoni akimenya ndizi za kupika. Kerubo alikuwa ametumwa mtoni. Tuliongea Ekegusii, lakini nitaandika kwa Kiswahili ili sote tuelewane.

"Mwalimu, mtoto alikosa nini huko kwenu?"

"Hakukosa kitu, mama. Nafasi zilikuwa chache."

Akamenya ndizi mbili bila kunitazama.

"Wewe umewahi kumsikia akiongea?"

Nikasema ndiyo, ana shida kidogo.

"Jumatano akitoka kwenu alikuwa anaingia hapa jikoni anasema maneno ya wote. Ya mfalme, ya askari, ya yule mama anayelia. Hakwami hata mahali pamoja. Mimi nakaa hapa nasikiliza. Ndiyo siku moja kwa wiki nasikia sauti ya mtoto wangu ikienda bila kukatika."

Nilikunywa chai niliyopewa, ikanishinda kumaliza.

Kerubo alipotoka mtoni nikamwomba msamaha mbele ya mama yake. Hapo nilifanya vizuri.

Halafu nikafanya kosa la pili. Nikamwambia arudi, na safari hii nitampa sehemu kubwa, ataigiza malkia. Kichwani nilishaona ukumbi umesimama unampigia makofi. Na mimi pembeni, mwalimu aliyemfungua ulimi.

Akasema, akikwama karibu kila neno, "Mwalimu, jikoni ha-hakuna watu. Mimi na-nataka tu kukaa pale."

Basi akarudi akakaa pale. Sikumpa sehemu yoyote. Baada ya wiki chache, mwigizaji akisahau maneno, wenzake walianza kumgeukia Kerubo, naye anaonyesha kwa kidole mstari kwenye karatasi. Hakuna aliyempangia hiyo kazi.

Jukwaani hajawahi kupanda mpaka leo, na yuko Form Four.

Ila mwaka jana, muhula wa tatu, kwenye somo langu la Historia niliuliza swali, akainua mkono. Kerubo. Nikamwita.

Akakwama. Kijana mmoja nyuma akaanza kucheka. Nyaboke, yule anayeigiza malkia, akageuka akamtazama tu, kijana akanyamaza. Darasa zima likangoja, na nje tulikuwa tunasikia jembe likilima.

Alimaliza. Jibu lenyewe lilikuwa nusu sahihi. Nikamwambia ni nusu, nikamuuliza swali lingine.

Wakuu, sikusomea saikolojia zaidi ya zile unit za chuo. Ila tangu hapo mwanafunzi akijiunga na klabu siulizi tena atatuletea nini. Mmoja anafuata mpira, mwingine rafiki, mwingine anakimbia nyumba yenye kelele, mwingine anataka kukaa mahali ambapo hakuna anayemdai neno. Sisi walimu tunahesabu vikombe tu.

Nyinyi mlikuwa klabu gani shuleni, na hasa mlifuata nini huko? Na kama kuna aliyewahi kutolewa, aseme hapa ilimfanya nini. Hata mkinisema nitasoma zote.