Mama Cheche na Jua Lililompita

Saa nne kasorobo asubuhi, Mama Cheche anazima mashine yake ya kuchomelea, geti la mteja likiwa limeshika upande mmoja tu. Hajawahi kuacha kazi nusunusu, anaapa. Lakini leo jua linapatwa lote, na yeye amelisubiri miaka arobaini na miwili.

"Nilikuwa na miaka tisa," anasimulia, akifuta kutu mikononi. "Mama alitufungia chumbani, akaziba dirisha kwa godoro. Wenzetu wanapiga mayowe nje, sisi tunanusa pamba!"

Mama yake, bibi wa miaka sabini na minane, ameketi pale pale kwenye benchi la karakana, wala hajifichi.

"Niliogopa mtapofuka. Kinga ni bora kuliko tiba."

"Kinga gani hiyo, Mama? Nimesimuliwa jua lile mpaka nimeota mvi!"

Fundi huyu amechomelea mageti na madirisha kwa miaka ishirini na sita. Mwaka wa kwanza alivua barakoa yake ya kuchomelea mapema, moto ungali unawaka, akalala siku tatu macho yakiwasha kama yametiwa pilipili. Tangu hapo ana sheria moja: barakoa haivuliwi mpaka moto uzime. Kwa ajili ya leo ameitia kioo cheusi kuliko vyote, namba kumi na nne, cha kulitazamia jua.

Majirani wanachungulia kwa zamu. Kinyozi anataka zamu ya tatu. Anafukuzwa kwa vicheko. Jua limebaki ukucha.

"Haya, sasa zamu ya mwenyewe," anasema fundi, na kuivaa.

Giza linashuka ghafla. Kuku wanakimbilia bandani, mtaa unalipuka kwa vigelegele. Ndani ya barakoa, Mama Cheche haoni kitu.

"Liko wapi? Jamani, liko wapi?" Anageuza kichwa huku na huku. Ole wake, linampita tena!

Bibi, aliyeshinda wiki nzima akimsikiliza mwalimu wa sayansi redioni, anainuka na mkongojo wake.

"Vua hilo dude, mwanangu! Likizibwa lote linatazamwa kwa macho matupu. Moto umezima!"

Anaivuta barakoa mwenyewe. Fundi anainua uso: duara jeusi, na mwanga mweupe umelizunguka kama mvi. Analia na kucheka kwa pamoja.

"Mama! Unaona?"

"Naona. Hata mimi ni mara yangu ya kwanza. Siku ile si nilikuwa nimelishikilia godoro?"

Mara cheche moja inaruka pembeni mwa jua. "Funika!" anaamuru bibi, na barakoa inarudi kichwani.

Kabla ya adhuhuri mashine inanguruma tena. Geti la mteja litaisha leo, anaahidi Mama Cheche. Wiki ijayo anapeleka vifaa nyumbani kwa mama yake, kubadilisha dirisha dogo la chumba kile kile.

"Nataka pana, hivi," anasema bibi, akitanua mikono yote miwili mpaka mkongojo unaanguka.

"Mama, pana hivyo? Godoro gani litaliziba?"

"Ndiyo maana nalitaka."