Mkono Kwenye Buti la Vénérand

Mume wangu Balagizi haangalii gari kama watu wengine. Wewe utaangalia milango, magurudumu, labda na aliyekaa kwenye usukani. Yeye huinama, akafumba jicho moja, akatafuta jinsi mwanga unavyoteleza juu ya rangi. Kanisani inabidi nimfinye, maana hata upara wa padri anauangalia hivyohivyo. Nimezeeka naye, na bado sina hakika kama huwa anauona uso wangu au anaona mikwaruzo tu.

Kazi hii ilimwingia mikononi kule Bukavu, kwa seremala mmoja wa masanduku ya maiti. Balagizi alikuwa mtu wa msasa na vernis, ile dawa ya kung'arisha mbao, akisugua mpaka familia ijione kwenye kifuniko. Tulipohamia Sydney akaajiriwa Wetherill Park, kwenye gereji ya kurudishia magari mng'aro wa rangi, akaniambia kazi ni ileile, ila hapa mwenye chombo anaweza kurudi kulalamika.

Mwaka 2021, katikati ya baridi, gereji ikafungwa kwa ajili ya korona na sisi tukafungiwa ndani. Toongabbie, mtaa wetu, ilinyamaza mpaka ukasikia friji ya jirani. Helikopta ya polisi ilizunguka juu ya mapaa, na askari wa jeshi wakawa wanapita mitaani wakigonga milango. Tuliambiwa wanaleta chakula, wanauliza kama tuko wazima. Sawa. Nenda ukamwambie mtu wa Kivu kwamba askari anayegonga mlango amemletea mchele. Mimi nilikuwa nazima redio na kukaa chini ya dirisha hadi buti zao zipite.

Katika kimya hicho ndipo alipokufa Vénérand.

Alikuwa Mrundi, jirani yetu wa mtaa wa pili, fundi wa barabara, mtu mpole hadi kukera. Alipanda ambulansi kwa miguu yake mwenyewe, akatupungia mkono sisi tuliokuwa tukichungulia, na hakurudi. Mkewe Emerance na watoto walikuwa wagonjwa pia, wamezuiwa kutoka nje. Mazishi yaliruhusiwa watu kumi, na yeye hakuwa mmoja wao. Aliyaona kwenye simu, na picha ikaganda kabla sanduku halijashuka. Kwa hiyo hakumwona mumewe amelala, hakumgusa, hakutupa konzi ya udongo kaburini. Kwetu, na kwa Warundi vilevile, asiyetupa udongo hajamuaga mtu wake. Matanga yenyewe hayakuwepo. Tuliacha sufuria za chakula mlangoni na kurudi nyuma kama wezi.

Alipopona akanipigia simu. "Mama Nsimire, njoo na mzee," akasema. "Lakini mje mapema, jua halijapanda."

Mwanamume hakanyagi uwanja wa mjane peke yake, kwa hiyo hata bila kuitwa ningekwenda. Tulimkuta Emerance amesimama pembeni ya nyumba, kanga mabegani, barakoa chini ya kidevu. Gari lao jeusi lilikuwa palepale alipoliegesha Vénérand. Baridi ya usiku ilikuwa imelifunika kwa umande, jeupe tangu boneti hadi nyuma.

Isipokuwa kwenye buti, kile kifuniko cha nyuma cha mizigo. Pale palikuwa na mkono.

Haukuwa mchoro wa mtoto aliyepitisha kidole. Ulikuwa kiganja kizima, kimetulia, na ndani yake umande haukushika hata tone. Rangi nyeusi ilikuwa ikituangalia kupitia vidole. Kidole cha pete kilikuwa kifupi. Vénérand alikikata kwa panga wakati wa kuchanja kuni kambini Tanzania, na sote tuliokula naye tulikijua. Nikarudi nyuma hatua moja.

"Unakuja kila siku," Emerance akasema. "Jua likitoka unaondoka. Kesho yake uko tena, hapohapo."

"Nani anakuja?" nikamuuliza.

"Mama Nsimire, wewe humjui huyu?" Akavuta kanga. "Sanduku sikuona ndani. Nani anajua walimzika nani? Usiku naacha mlango bila kufunga. Kama ni yeye, ataingiaje? Funguo zake walinirudishia kwenye mfuko."

Nyuma ya dirisha niliwaona watoto wake, wamekaa kwenye sofa na viatu miguuni, kama watu wanaosubiri kukimbia. Baadaye mkubwa, Akimana, aliniambia wanalala vilevile. Mama yao alikuwa akiacha sahani ya maharage mezani kila jioni, na asubuhi hakuna aliyethubutu kuigusa. Hapo ndipo nilipoacha kuogopa mkono nikaanza kumwogopea Emerance. Mlango wazi, mtaa mtupu, watoto macho usiku kucha. Mtu anaweza kuingia kaburini akiwa bado anapika.

"Utoe, Papa Nsimire," akamwambia Balagizi. "Fiacre ndugu yake atakuja kuchukua gari toka Campbelltown, njia zikifunguliwa. Siwezi kumpa na mkono wa marehemu. Na mimi nataka kulala."

Sheria iliruhusu kutoka kumhudumia mwenye shida. Mume wangu akarudi nyumbani, akapakia mashine mbili, sponji, kitambaa, ngozi za sufu na chupa zake, akasema hizo ndizo dawa za mgonjwa wetu. Kama polisi wangetusimamisha, sijui ningewaeleza nini.

Balagizi ana kanuni moja: anza kwa upole. Ukianza na dawa kali utatoa mkwaruzo na ngozi pamoja. Akachukua mashine ile inayozunguka huku ikitikisika, ambayo haichomi rangi, akaivika sponji laini, akaipaka polishi nyepesi. Ikavuma kidogo na buti likang'aa hadi nikaona meno yangu. Mkono ukapotea. Emerance akatufungia machungwa ya kubeba nyumbani.

Kesho yake alfajiri simu ikalia. "Umerudi," akasema, na akakata.

Balagizi alitukana kwa Kishi, lugha yetu ya nyumbani, jambo ambalo huwa halifanyi. "Nilikosa," akaniambia njiani. "Polishi iko na mafuta. Mafuta ilijaza alama, mi nikaona imeisha. Sikupanguza na alcool. Hata apprenti hawezi fanya vile." Lakini nilivyomwona anavyotembea, nikajua si kosa la mwanagenzi lililokuwa linamsumbua.

Mara hii alichagua kompaundi ya kati, dawa ya kusugua yenye chembechembe, na sponji ngumu. Alisugua, akapanguza kwa spiriti, hiyo alcool yake, hadi mafuta yote yakatoka, akawasha tochi yake na kuinama. Akakaa hivyo muda mrefu. Nikasogea. Mkono ulikuwepo mchana kweupe, bila umande, wazi kuliko jana. Hata mistari ya kiganja ilionekana. Kadiri alivyosafisha, ndivyo Vénérand alivyozidi kuja.

Nikafanya ishara ya msalaba. Balagizi akazima tochi, akaketi chini kwenye zege.

Akatoa kile kidude cha kupimia unene wa rangi, akakiweka kwenye buti huku na huku, kisha juu ya mkono, ambako namba ilishuka. "Mama Akimana," akasema, "mzee alikuwa anajipaka sunscreen, ile mafuta ya kuzuia jua?"

Emerance akatazama chini. Kwa mara ya kwanza tangu kifo nikaona anakaribia kucheka. "Siku tulifika huku, wale wa refugee service walituambia jua ya Australia inaua, mtu asitoke bila kujipaka. Yeye akasikia. Watu wanamcheka, mweusi vile, anajipaka kama mzungu wa beach. Hata winter. Kila siku kabla ya kutoka."

"Na buti, alikuwa anafungaje?"

Akaonyesha. Anasukuma chini, kisha anauacha mkono pale kidogo, kiganja wazi. "Kama unatuliza ng'ombe. Kwao walifuga."

Balagizi akaitikia kwa kichwa. Kila kiangazi magari ya namna hiyo yanaletwa gerejini, akatueleza, yana vidole vya watoto waliotoka ufukweni. Mafuta yale yakikaa na jua likayapiga, yanakula vernis, ule utando wa juu unaoing'arisha rangi. Huyu alikuwa ameweka mkono mahali pamoja, miaka yote, na vernis ikalika polepole kwa umbo lake. Umande haushiki sawa mahali palipolika. Ndiyo maana alfajiri mkono unaonekana.

Nilishusha pumzi. Nilidhani Emerance naye atashusha.

"Kwa hiyo usiku haji," akasema.

"Haji, mama."

"Hata siku moja hakuja."

"Hapana. Ni alama tu alituachia."

Akabaki akilitazama gari, na uso wake ukaniogopesha kuliko umande wa jana. Mtu aliyekuwa akikutisha usiku angalau yupo mahali.

"Mi naweza kuitoa," Balagizi akasema kwa sauti ya chini. "Lakini vernis imebakia kidogo sana. Nikitoa, imeisha, hairudi. Na nikiacha, Fiacre ataenda nayo Campbelltown vile iko. Useme wewe."

Emerance akavua barakoa kabisa, akaitia mfukoni. Akaweka kiganja chake juu ya kile cha mumewe. Wake ulikuwa mdogo, na kidole chake cha pete kikapita ncha ya kile kifupi. Helikopta ilipita na kwenda zake.

"Lete mashine," akasema mwishowe. "Nitatoa mimi."

Balagizi akatikisa kichwa. Ile mashine kali, ya mzunguko mmoja na sufu, ingechoma rangi kabla hajashtuka, na hiyo nyingine ingemtupa. Alisimama mbele ya chupa zake kama anavyosimama kila mara, akizigusa moja moja, na nilijua hakuwa anafikiria rangi tena. Akachagua kompaundi nzito kuliko zote, ile ya kijivu. "Kwa mukono," akasema. "Polepole. Kitambaa hii."

Akamwekea tonge la dawa hiyo kiganjani.

Emerance akaitazama. Ilikuwa nzito, ya baridi, yenye chembe, rangi ya udongo wa mvua. Nadhani sote tuliiona konzi ile ya udongo kwa wakati mmoja, maana mume wangu alivua kofia. Emerance akasema kwa Kirundi maneno ambayo watu wao husema kaburini, akaipaka juu ya mkono, akaanza kusugua. Alisugua akilia, akibadilisha mkono, jasho likamtoka. Watoto wakatoka nje na kusimama karibu naye, na Akimana akaomba kitambaa. Balagizi alikuwa akiwaambia tu, "Hapa. Na hapa. Usikaze." Jua lilipofika juu ya paa akapanguza kwa spiriti na kuwasha tochi. Palikuwa na rangi nyeusi tu.

Nilirudi nyumbani nimeridhika nafsi yangu, nikidhani tumemponya.

Simu ililia alfajiri.

"Mama Nsimire," Emerance akasema, "umande umekaa gari zima."

"Mungu ashukuriwe."

Nilimsikia akitembea, nikasikia ufunguo ukizunguka kwenye kitasa.

"Nimefunga mlango," akasema. "Mume wangu amekufa."

Ndipo kikatoka kile kilio tulichokuwa tunakidai tangu siku ya mazishi, cha sauti yote, kama kinavyoliliwa kwao na kwetu. Nikamwamsha Balagizi, nikaweka simu juu ya mto wa kitanda kati yetu, tukalia naye mpaka umande ulipokauka.