Sista Mwoga na Pumzi za Watoto

Alizaliwa mwaka 1938, binti wa saba wa fundi saa, mdomo wa juu umepasuka hadi puani na kaakaa likiwa wazi. Maziwa yalitokea puani. Bibi yake alimnywesha kwa kijiko, tone kwa tone, nyumba nzima roho juu. Alishonwa mapema, tena kwa kukazwa mno. Makovu yakalibana taya la juu, likabaki nyuma huku la chini likiendelea kukua. Alipofikisha miaka kumi na minane uso ulikuwa umebonyea katikati, naye aliogopa kila kitu: mbwa, ngazi, hata kengele ya kanisa. Mwaka huo akaingia utawani, na masista wenzake, kwa utani usio na ubaya, wakamwita Sista Mwoga.

Alipangiwa kliniki ya watoto waliozaliwa kama yeye. Kazi ilikuwa kumwekea mtoto mdomoni kibati chenye uji mzito wa kuchukulia umbo, kungoja ugande, kukitoa, kisha kukimiminia plasta ya jasi ili kupata umbo la taya. Walipimwa kila mwaka hadi miaka kumi na minane, maana ubaya wa mshono hauonekani siku ya kushonwa. Huonekana uso ukishamaliza kukua.

Asubuhi moja ya mwaka 1969 alimlaza chali, kama ilivyokuwa desturi, binti wa miezi mitatu wa mshonaji nguo. Kipande cha uji kikakatika, kikaingia kooni. Mtoto akabadilika rangi, kimya.

"Sista, unaniulia mwanangu!" mama akapiga yowe.

Sista akamgeuza kifudifudi juu ya mkono wake, akamtia kidole mdomoni. "Bwana, nichukue mimi, mwachie huyu." Kipande kikatoka, na kilio kikafuata.

Sista akaomba kuondolewa kliniki. "Mama, naogopa," alimwambia mama mkuu.

"Ndiyo maana nakurudisha. Asiyeogopa simkabidhi mtoto."

Akarudi na hofu yake. Tangu hapo kila mtoto alipimwa akiwa kifudifudi, kibati kimefungwa uzi wa kukivuta nje, na mtu wa pili akihesabu pumzi kwa sauti. Mshonaji, ambaye kwa hofu alikuwa ameacha kumleta bintiye, alimrudisha baada ya miaka miwili, akahesabu pumzi mwenyewe. Hakuna aliyekabwa tena. Waamini huliita jambo hili muujiza; yeye alisema ni uzi tu. Na maumbo ya plasta yalipojaa rafuni, daktari wa kliniki aliona jinsi taya za watoto aliowashona kwa kukaza zilivyobaki nyuma.

"Unaniambia nimewaharibu?" akamwuliza Sista.

"Nakuambia bado wanakua, Daktari."

Tangu hapo daktari akalegeza mkono katika kushona.

Mwaka 1987 Sista aliugua mapafu, wiki ileile ambayo binti wa mshonaji alipaswa kupimwa mara ya mwisho. Binti alimkuta kitandani akitweta, macho yamemtoka. "Mwanangu, naogopa," akasema. Binti akamgeuza ubavu, akamshika mkono, akaanza kuhesabu kwa sauti. Alifika mia mbili na kumi na moja, akasubiri pumzi iliyofuata. Haikuja.

Leo binti huyo ndiye anayehesabu katika kliniki ile. Sisi huomba tuondolewe hofu. Tumwige huyu, ambaye hakuondolewa hofu hata siku ya kufa, na bado kila mtoto aliyepita mikononi mwake alirudishwa kwa mama yake akilia kwa nguvu.