Koa Aliyepewa Jina la Lorna

Mvua haikuwa imekatika tangu tuvuke daraja la mwisho. Lori la magogo lilinishusha mbele ya ukumbi wa kijiji, na dereva akanyoosha kidole: "Mama wa makoa anakaa nyumba ile ya kijani. Angalia usiwakanyage wageni wake!" Nilikuwa nimeishi miaka mingi katika miji ya pwani ya Oregon, Marekani, lakini huku juu kwa wakata miti sikuwa nimewahi kufika. Kwenye ukuta wa ukumbi alichorwa koa mkubwa kuliko mlango, na chini yake jina: Koa wa Lorna.

Verna Aasgaard, aliyenipangisha chumba, alikuwa mpishi wa shule hadi alipostaafu. Mapumziko yake yote aliyamalizia msituni, akifunua magome ya magogo yaliyooza na kuyarudisha taratibu, kama anayemfunika mtoto. Alinionyesha koa mmoja mwenye kinundu mgongoni. Nyumba yake ya kikonokono imebaki kipande kama ukucha, kimefichwa na ngozi.

"Mguse mkia."

Nilipomgusa alijipindapinda na kuruka kama samaki aliyetolewa majini.

"Ndivyo anavyomponyoka mbawakawa anayetaka kumla," Verna akacheka.

"Huyu ndiye Lorna?"

Kicheko kikakatika. Akanieleza mezani, huku kahawa ikipoa.

Zamani alipata makoa wadogo wenye mkia wa manjano, kwenye ukingo wa kijito alimozama Lorna, binti wa jirani yake Gus Kivela. Hakuwahi kuona wengine kama hao. Rangi ya koa haiaminiki. Hubadilika kwa umri na kwa chakula. Kinachotenganisha aina na aina ni viungo vya uzazi, na koa mchanga bado hana vya kutazamwa. Mtaalamu wa makumbusho aliyepelekewa akamuuliza kama hao wameshakomaa. Verna akajibu kwamba amewaona wakitaga. Basi ikatangazwa aina mpya, naye akaachiwa kuchagua jina. Gus, ambaye hakuwa amekanyaga ukumbini tangu mazishi ya Lorna, alikuja siku jina lilipotangazwa, akalia mbele ya watu wote. Tangu hapo, kila siku ya mashindano ya mbio za makoa, yeye ndiye hulowesha meza wanayotambalia.

Jumatatu ya wiki ile Verna alipigiwa simu kutoka chuo kikuu. Msichana mmoja aliwafuga makoa wa kijito kile mpaka wakakomaa, akawapasua. Mashindano yalikuwa Jumamosi.

Asubuhi ya Jumamosi nilimsindikiza Verna. Gus alikuwa peke yake ukumbini na sponji mkononi.

"Umekuja kunikagua, bibi makoa? Maji ya mvua haya, si ya bomba. Wanariadha wako hawatalalamika."

"Gus, kaa kidogo."

"Nikikaa meza itakauka."

"Koa wa Lorna hayupo."

"Wamekufa?"

"Hawakuwahi kuwa aina ya peke yao. Ni watoto wa yule wa kawaida."

"Yule tunayemkanyaga bustanini?"

"Ndiye."

Gus akajaribu kucheka. "Basi huyo bwana mtaalamu anunuliwe miwani."

Kwa utani huo alikuwa amemfungulia mlango wa kukwepa lawama. Verna hakupita.

"Si yeye. Nilimwambia nimewaona wakitaga. Sikuwaona. Niliona mayai chini ya gogo lilelile, basi. Nilitaka sana yawe yao."

"Ulijua lini?"

"Walipiga simu Jumatatu."

"Siulizi simu. Nauliza hayo mayai."

Verna alitazama viganja vyake. "Tangu siku ile."

Gus aliikamua sponji polepole mpaka ikaacha kudondoka.

"Mimi nimesimama hapa kila mwaka, Verna. Watu wananipongeza."

"Najua."

"Unajua. Na ulikuwa unapiga makofi."

Uso wa Verna uliiva wekundu hadi shingoni. Akatafuta kitasa cha mlango kwa mkono wa nyuma, akakikosa, akakipata. Kupitia dirishani nilimwona akishika njia ya nyuma ya duka, ambako hangekutana na waliokuwa wakianza kufika, wamebeba ndoo zao zenye majani mabichi.

Gus alinisogezea sponji ya pili bila kuniangalia.

"Anzia pembe ile," akasema. "Isikauke."